Nani Amekula Chini ya Dari Hii?

Asubuhi ya siku ambayo skuli ya serikali ilikuwa ifunguliwe mjini Amu, watu walifika wakamkuta Zafarani ameketi kizingitini. Miguu alikuwa ameinyoosha kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi wa pili, na mapajani amelaza kipande chake, ile fimbo bapa ya mti ambayo wanawake hupigilia nayo chokaa ya dari. Hakutandika hata mkeka. Aliyetaka kuingia ilimpasa amruke, na mtoto aliyelelewa haruki miguu ya mtu mzima.

Kwa hiyo watoto walisimama nje. Walikuwa kumi na tisa, wameogeshwa, wamepakwa mafuta, kanzu zao zinanukia udi. Mmoja wao alikuwa Madi, mjukuu wa Zafarani mwenyewe, mtoto wa miaka minane, amevaa kofia ambayo bibi yake aliishona kwa miezi mitatu, tundu baada ya tundu. Madi alimtazama bibi yake, akatazama mlango, kisha akainamisha kichwa. Hilo lilimuuma Zafarani kuliko maneno yote yaliyofuata siku ile, kwamba mtoto alimwonea haya.

Maana skuli ile aliitaka yeye kuliko wengi waliosimama pale. Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali itangaze kwamba hakuna tena mtumwa katika pwani yetu, na Zafarani alikuwa mmoja wa walioachiwa. Alizaliwa nyumbani mwa Bi Twahira, akakulia jikoni mwake, na tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili akipelekwa kupigilia dari za watu. Sasa alikuwa na kibanda chake cha makuti nyuma ya mji, na mjukuu ambaye mamake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Serikali ilisema skuli yake itapokea mtoto yeyote, wa mwungwana na wa asiye mwungwana, benchi moja. Zafarani alilisikia neno hilo sokoni. Alirudi nyumbani, akaketi, akalia kidogo, kisha akatoka tena kwenda kutafuta uzi wa kofia.

Walipotafutwa wanawake wa kupigilia dari ya skuli, alijitokeza wa kwanza.

Nyumba za mawe za Amu zina vyumba virefu na vyembamba, na wageni hushangaa kwa nini. Sababu ni boriti. Mkoko hutoa mti ulionyooka wa mikono sita, ukibahatika saba, basi upana wa chumba nao huwa huo huo. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, na wanawake hupanda wakaipiga siku nyingi kwa nyimbo, mpaka yote igande iwe jiwe moja. Muda wote huo dari hushikiliwa kwa chini na miega, magogo ya kuegemeza. Siku ya kuondoa miega, fundi mkuu hutandikiwa mkeka katikati ya chumba, huletewa sinia ya wali, naye hula peke yake huku wanawake wakipiga dari juu ya kichwa chake kwa mara ya mwisho. Akishanawa mikono, ndipo mwenye nyumba huingia. Zafarani alikuwa amepigilia dari thelathini na moja, na hakuwahi kuona mtu analaza watoto wake chini ya dari ambayo fundi hajala chini yake.

Lakini serikali ilitaka chumba cha mabenchi, chumba cha mikono kumi. Msimamizi wa ujenzi aliletwa kutoka Mombasa, Bwana Obeid, mtu nadhifu wa miaka arobaini hivi, mwenye kofia nyeupe na kalamu mfukoni. Fundi Athman, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, alipouliza boriti za mikono kumi zitatoka wapi, Bwana Obeid alimwambia ashughulike na kuta.

Siku ya nne ya kupigilia, Zafarani alifika katikati ya dari na kipande chake kikajibiwa vibaya. Kando, karibu na ukuta, chokaa ilijibu kwa sauti kavu, kama kifua cha mtu mwenye afya. Pale katikati ilijibu kama mtungi wenye ufa. Alipiga tena. Mwenzake wa kulia, Mwanamkisi, akakosa pigo la wimbo, wakatazamana. Kisha wimbo ukaendelea, na wao wakaendelea. Zafarani alijiambia chokaa bado ni mbichi. Alijiambia hivyo siku nane nzima, kwa sababu kila alipofumba macho alimwona Madi ameketi kwenye benchi, na siku hizo nane hakuzisahau maisha yake yote.

Siku ya kumi na mbili alimfuata Fundi Athman, akamkuta anachanganya lipu peke yake.

"Fundi, katikati pana nini?"

Athman hakuinua macho. "Pana chokaa."

"Nakuuliza chini ya chokaa."

Alikoroga, akakoroga, mpaka lipu ikawa nyepesi kama uji. "Boriti ndefu hazikuja," alisema mwishowe. "Ameunganisha fupi mbili mbili, kichwa kwa kichwa, akazifunga mikanda ya chuma. Kisha nikaamrishwa nipake lipu kwa chini isionekane. Nimepaka, Zafarani. Mikono hii hii."

"Ungesema."

"Na wewe ungesema siku ya nne. Nilikuona ulivyosita."

Fundi alisema kweli. Siku ile ile Zafarani alikwenda kwa Bwana Obeid, akasimama mbele ya meza yake, akamwambia alichosikia. Bwana Obeid alicheka bila ubaya, kama mtu anavyocheka na mtoto.

"Bibi, majengo hayapimwi kwa masikio. Nyie mmezoea ngoma."

"Utakula lini chini yake, Bwana?"

"Nitakula nyumbani kwangu."

Ijumaa moja, watu walipokuwa msikitini, miega iliondolewa. Sinia haikuonekana wala kipande hakikulia. Jumatatu yake karatasi ilibandikwa mlangoni. Serikali ilikuwa na sharti lake, na lilikuwa sharti zuri, kwamba mtoto asiingie katika jengo la skuli kabla msimamizi wa serikali hajalikagua na kuandika kwamba ni imara. Ila aliyejenga alikuwa Bwana Obeid, na aliyekagua alikuwa Bwana Obeid. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akapiga muhuri.

Ndiyo maana siku ya kufungua, Zafarani aliamka akaswali, akamvisha Madi kanzu yake, akambusu kipaji, akamwambia, "Utakuja na wenzako. Mimi natangulia." Mtoto alidhani bibi anakwenda kumwekea nafasi ya mbele.

Sasa jua lilikuwa limepanda na watu walikuwa wameongezeka.

"Zafarani!" aliita Bwana Shekhan mwenye duka la nguo. "Mlango huo si wa jikoni!"

"Ungekuwa wa jikoni ningekupisha, Bwana Shekhan. Jikoni unaingia ukatoka mzima."

Watu wakacheka, wengine kwa kumcheka yeye, wengine kwa kumcheka Shekhan.

"Uhuru umempanda kichwani," alisema mwanamke mmoja nyuma ya buibui.

"Ni kijicho tu. Hataki wana wa wenziwe wasome."

"Wa kwake si yule pale, mwenye kofia?"

"Basi ni wazimu."

Zafarani alisikia yote. Alikaza macho kwenye vidole vyake vya miguu, akavihesabu, kama alivyokuwa akifanya zamani alipokuwa akigombezwa. Halafu akakumbuka kwamba siku hizi hana haja ya kuhesabu vidole, akainua uso.

Wazir, askari wa boma, alikuja akasimama mbele yake. Alikuwa kijana mrefu kutoka bara, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mama, nimeambiwa nikuondoe."

"Niondoe."

"Nikushike wapi?"

"Popote upendapo, mwanangu. Ila anza na kipande hiki, ukiweza."

Wazir alikitazama kipande, akaitazama mikono iliyokishika, yenye misuli kama kamba za jahazi. Akajikuna shingo. "Sikuambiwa kama nikubebe au nikuburute," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Si vizuri nikakosea. Wacha nikaulize."

Akaenda zake bomani, polepole, kama mtu anayetembelea bustani. Zafarani aliuona upole ule na akauweka moyoni. Wazir aliporudi alikuwa na Bwana Mkubwa wa boma na karani wake, Badawi, na Bwana Obeid nyuma yao. Wazir hakupewa amri ya kusimama popote, lakini alijisogeza mpaka kivuli chake kikamfunika yule mama miguu na uso, akabaki hapo hapo.

Bwana Mkubwa alikuwa Mwingereza kijana, masikio yameungua kwa jua. Kiswahili alikijua, alikisema taratibu, neno moja moja.

"Huyu mama anataka nini?"

"Ni mpiga chokaa, Bwana," alisema Obeid. "Ana imani zake."

"Nataka kuuliza swali moya," alisema Zafarani. "Nani amekula chini ya dari hii?"

Bwana Mkubwa akamgeukia karani. Badawi, mtu wa Amu, mtaratibu, aliyevaa miwani, alimweleza desturi ya fundi na sinia kwa maneno machache, bila kuongeza wala kupunguza. Bwana Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, na hilo nalo Zafarani aliliona.

"Ni desturi nzuri," alisema Bwana Mkubwa. "Lakini serikali ina njia yake. Jengo limekaguliwa. Karatasi ile pale mlangoni, unaiona?"

"Naiona."

"Ni neno la serikali."

"Neno la serikali nililiamini mara moya, Bwana. Mlisema mimi ni huru. Nililiamini kwa sababu nililijaribu. Niliinuka mchana, nikatoka mlangoni mwa Bibi yangu, nikashika ndia mpaka mwisho wa mji, na hakuna aliyenirudisha. Nikajua ni kweli. Na hili la leo nataka lijaribiwe. Aliyeliandika aketi chini yake ale."

"Na kama sitaki kumlazimisha?"

"Basi nami nitakaa hapa. Nina miaka hamsini na kitu, sina haraka."

Kicheko kilipita kati ya watu, na masikio ya Bwana Mkubwa yakazidi wekundu. Alikuwa ameandika barua kwa wakubwa wake kwamba skuli itafunguliwa tarehe ile, na sasa nusu ya mji ilikuwa ikimtazama akibishana na mwanamke aliyeketi chini.

"Ana mtoto katika orodha?"

Badawi alisita. "Anaye, Bwana. Anaitwa Madi."

"Kata jina lake."

Kalamu ilitolewa. Punda alikohoa uchochoroni. Zafarani hakumtazama karani. Alimtazama Madi, aliyekuwa ameinua kichwa. Miezi mitatu ya sindano, uzi na tundu. Ingemtosha kuikunja miguu tu, kama anayeona baridi, na jina lingebaki.

"Kata, Bwana," alisema. "Jina likikatwa laandikika tena. Wana kumi na tisa wakiangukiwa na mawe, utawaandika na wino gani?"

Kalamu ikakwaruza karatasi. Madi akaanza kulia, kimya kimya, akijifuta kwa mkono wa kanzu. Mtoto aliyesimama naye, Aqil, mjukuu wa Bi Twahira, akamshika mkono wa pili na hakuuachia.

Wakati huo ndipo watu wa nyuma walipoanza kupisha njia.

Bi Twahira alikuwa anakuja. Kwa miaka mingi mwanamke huyo hakuonekana njiani. Zamani, akitaka kutoka, alitoka ndani ya shiraa, pazia la kitambaa lililobebwa kwa miti na wajakazi pande zote, na Zafarani alikuwa mmoja wa waliolibeba. Tangu wajakazi waachiwe hakukuwa na wa kulibeba, naye hakutoka tena. Leo alikuja kwa miguu yake, amejifunika buibui, anachechemea kwa sababu viatu vilikuwa vigeni kwa mawe ya njiani, na mikononi amebeba sinia mwenyewe. Hakujua kubeba. Sinia ilikuwa imeinama, na mchuzi ulimchirizika kwenye kiwiko.

Zafarani aliuona mchuzi ule, na mwili wake wote, kwa mazoea ya miaka arobaini, ukataka kuinuka kumpokea.

"Keti!" alisema Bi Twahira. "Ukiinuka watapita."

Zafarani akaketi.

"Mwana, umetembea," alisema Zafarani, kwa jina alilomwitia bibi wake tangu utotoni.

"Nimetembea. Aqil wangu yumo humu, au umesahau?" Akamgeukia Bwana Obeid. "Bwana, wali huu ni wako. Nguru ni wa leo. Nimeambiwa hujala."

"Nimekwisha kula, Bi. Ahsante."

"Umekula wapi?" aliuliza mtu katika umati, na watu wakaangua kicheko. Safari hii hawakumcheka Zafarani.

Bwana Mkubwa alimtazama Obeid muda mrefu kidogo. "Kaa, Obeid," alisema. "Kula, tumalize jambo hili."

"Bwana, huu ni ushirikina wa..."

"Ni wali tu. Kaa ule."

Zafarani akakunja mguu mmoja. "Pita, Bwana. Wewe una ruhusa."

Mkeka ulitandikwa ndani. Obeid alikwenda kuketi karibu na ukuta.

"Katikati," alisema Zafarani kutoka mlangoni.

Akasogea katikati. Mwanamkisi alikuwa amejibanza muda wote nyuma ya umati na wanawake wawili wengine waliopigilia dari ile. Sasa alikuja mbele. Alinyoosha mkono, na Zafarani akampa kipande chake.

"Msikanyage katikati," alimnong'oneza. "Simameni juu ya ukuta, mnyooshe mikono. Mkihisi lolote, shukeni."

"Nilisikia siku ile," alisema Mwanamkisi. "Nilisikia kama wewe."

"Najua. Panda."

Ngazi ya nje ililia chini ya miguu ya wanawake watatu. Obeid akanawa, akasema bismillahi, akafinya tonge. Sauti ya Mwanamkisi ikaanza wimbo wa kazi, wawili wakamwitikia, na vipande vikashuka pamoja.

Pigo la kwanza lilikuwa la kando, kavu na zuri. Obeid akalitia tonge kinywani. Pigo la pili lilikaribia. La tatu likajibiwa kama mtungi wenye ufa, na kila aliyekuwa nje akalisikia, hata wasiojua dari ni nini. Unga mweupe ukadondoka kutoka juu, mwembamba kama poda ya mtoto, ukamwangukia nguru sinia nzima.

Obeid alikuwa ameshika tonge la pili. Hakuwa akiutazama wali. Alikuwa akitazama juu, na alijua ni mahali gani hasa pa kutazama. Kwenye lipu nyeupe ulikuwa umetokea mstari, mwembamba kama unywele, umenyooka kutoka boriti hadi boriti.

Vipande vikashuka tena.

"Wasimame!" alipiga kelele. "Waambieni wasimame! Washuke!"

Tonge lilianguka. Aliinuka bila kutafuta viatu, akaja mbio mlangoni, na kwa kuwa mguu wa Zafarani ulikuwa umesharudi mahali pake, aliuruka, mtu mzima na kofia yake. Siku ile nzima hakuna mwingine aliyeiruka miguu ile.

Alisimama uani miguu mitupu. Hakuna aliyecheka.

"Mpeni maji," alisema Zafarani.

Wazir alimpa kibuyu chake. Obeid alikunywa, akajipangusa, akamtazama Bwana Mkubwa kama mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Ulitaka tarehe, Bwana. Nilikwambia boriti ndefu zimechelewa, ukasema tarehe haisogei. Nikaunganisha fupi. Nikajiambia labda chuma kitashika."

"Na karatasi?"

"Uliniambia niandike karatasi."

Fundi Athman alikuwa tayari mbele na mwiko wake. "Kwanza miega," alisema. "Haingii mtu bila miega." Wanaume wakaleta magogo, Zafarani akakunja tena mguu mmoja, na Fundi akaingia peke yake kuyasimamisha, moja baada ya jingine, kisha akakwangua lipu aliyoipaka kwa mikono yake. Ilimchukua muda mfupi. Mkanda wa chuma ulionekana, na vichwa viwili vya boriti vilivyokuwa vimeachana upana wa kidole. Athman alimwita Bwana Mkubwa aje achungulie. Alichungulia, akatia kidole chake pale, akatoka. Uso wake ulikuwa mweupe hata masikioni.

"Watoto waende nyumbani," alisema.

Hapo ndipo Zafarani alipokunja miguu yake yote miwili. Ilikuwa imekufa ganzi, hakuweza kusimama. Bi Twahira alimshika mkono mmoja na Wazir wa pili, wakamwinua.

Bwana Mkubwa alikuwa kijana, na aibu ya kijana ni ngumu kumeza. Alirudi hatua mbili. "Mama, ulisema kweli. Lakini umezuia mlango wa serikali mbele ya watu. Njoo bomani uombe radhi, na jina la mtoto litarudi."

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Kwa kuzuia mlango."

"Ningeuacha wazi, Bwana, sasa hivi tungekuwa tunafanya nini?"

"Amri ni amri."

"Basi siji," alisema Zafarani. Hakusema kwa ukali. Alimshika Madi mkono, wakaenda zao. Njiani mtoto aliuliza, "Bibi, mimi sitasoma?" Naye, kwa kuwa hakutaka kumdanganya, alimwambia, "Leo tutakula nguru kwa Bi Twahira. Nasikia wamo wengine jikoni." Hakwenda bomani siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule, ingawa kila jioni Madi alipoivua kofia yake na kuitundika, moyo ulimwambia nenda.

Dari ilivunjwa. Chumba kikagawanywa kwa ukuta, vikawa vyumba viwili vya mikono mitano mitano, na Bwana Obeid alirudi Mombasa. Fundi Athman ndiye aliyepanga boriti, moja moja, akizigonga na kuzisikiliza. Bomani likaandikwa sharti jingine, kwamba anayejenga skuli hataikagua mwenyewe. Wanawake walipigilia siku kumi na tano. Zafarani alikuwa katikati, na safari hii kila alipoona shaka alisimamisha wimbo wote na kupiga peke yake.

Siku ya kuondoa miega Fundi Athman alikula katika vyumba vyote viwili, sinia moja kila chumba, na ya pili akaimaliza kwa taabu, jasho linamtoka, watu wakimhimiza mlangoni. Bwana Mkubwa alikuja akasimama pembeni. Athman alimkaribisha kwa adabu, na yule Mwingereza, baada ya kufikiri, akavua viatu, akaingia, akala matonge matatu kwa mkono huku vipande vikilia juu yake. Zafarani hakumwona, alikuwa kazini. Aliambiwa baadaye, akasema, "Amefanya vizuri."

Siku ya kufungua, Badawi alisimama mlangoni na orodha. Zafarani alikuwa amekuja kusimama mbali, peke yake. Madi alikuwa nyumbani bila kanzu wala kofia.

"Aqil, mjukuu wa Bi Twahira," alisoma Badawi, na Aqil akaingia. Akasoma wengine. Kisha akarekebisha miwani. "Madi, mjukuu wa Bi Zafarani."

Hakuna aliyeitika. Badawi akamtafuta kwa macho yule mama kati ya watu, akasoma mara ya pili, kwa sauti ile ile.

Zafarani akasogea. Hakuwahi kuitwa Bi mbele ya watu. "Bwana Badawi, lilikatwa."

"Nililikata katika orodha ile, kama nilivyoamriwa. Hii ni orodha nyingine. Kuhusu hii sijaamriwa kitu." Akapindua ukurasa. "Hebu mharakishe mtoto, Bi, mabenchi ya mbele yanajaa."

Zafarani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, alikimbia.

Mvua za kwanza zilipokwisha alipanda juu ya dari ya skuli na kipande chake, bila kuitwa. Kulikuwa na msimamizi mpya wa serikali, kijana mwenye daftari, aliyekuja kukagua. Alimwona kutoka uani.

"Wee bibi! Nani amekuruhusu kupanda huko?"

Zafarani alikuwa amepiga magoti katikati, ameinamisha sikio. Chini yake sauti za watoto zilikuwa zikirudia herufi kwa pamoja, na alijaribu kuitafuta moja kati ya nyingi, asiipate.

"Ngoja kwanza, nasikiliza," alisema, akainua kipande.